Jiwe Moja Si Mgodi

Mwaka 1916, vita vilipokuwa vimeitenga Afrika ya Mashariki ya Wajerumani na nchi ya watawala wake, serikali ya kikoloni ilipungukiwa na sarafu. Mjini Tabora zikatengenezwa sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo, yaani gramu 5.376, ilikuwa dhahabu halisi. Dhahabu hiyo ilichimbwa Sekenke, katika nchi ya Iramba, ambako mishipa ya mawe meupe imepenya miamba iliyo miongoni mwa mikongwe kabisa barani Afrika.

Sarafu ile huenea kiganjani. Lakini mwalimu wa Hisabati akiwataka wanafunzi wakadirie mwamba unaovunjwa ili kupata sarafu moja, hesabu yaweza kuwashangaza. Ikichukuliwa kwamba kila tani ya mwamba ina gramu 5 za dhahabu, kiwango ambacho migodi mingi duniani hukifurahia, basi sarafu moja huhitaji zaidi ya tani moja ya mawe. Dhahabu ni nzito mno. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 19.3. Kwa hiyo gramu 5 si kubwa kuliko punje moja ya mahindi. Punje hiyo imesagwa na maumbile kuwa vumbi, na vumbi hilo limetawanywa ndani ya tani nzima ya jiwe. Hakuna jicho la binadamu liwezalo kuliona, wala kulihesabu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nchini Tanzania watu wengi wameiona dhahabu, na wengi zaidi wameitafuta, lakini ni wachache waliofundishwa kuupima mshipa unaoichukua. Matokeo yake ni kwamba jiwe moja zuri, likipita mkono kwa mkono, huweza kuhamisha vijana wa kijiji kizima, kuuza ng'ombe wa familia na kuchimbisha duara lenye kina cha mita 40, pasipo mtu yeyote kuuliza jiwe hilo lilichukuliwa vipi na linawakilisha nini. Hoja ya makala haya ni kwamba elimu ya kuusoma mshipa na kuchukua sampuli kwa uaminifu ni elimu ya kila raia wa nchi yenye madini, na kwamba mahali pake ni shule ya sekondari. Haifai kungojewa mpaka Chuo Kikuu.

Mshipa unavyozaliwa

Katika ganda la dunia dhahabu ni adimu sana. Kwa wastani, tani moja ya mwamba wa kawaida ina miligramu chache tu. Ili mwamba ustahili kuitwa mbale, yaani jiwe lenye madini ya kutosha kulipa gharama ya kuchimbwa, maumbile sharti yaikusanye dhahabu mara elfu moja au zaidi. Methali husema haba na haba hujaza kibaba; kazi ya kujaza kibaba hiki ilifanywa na maji.

Maji hayo si ya mvua wala ya kisima. Ni maji yaliyobanwa kilometa nyingi chini ya ardhi, yenye joto la nyuzi 250 hadi 400 za sentigredi, ambayo hayakuchemka kwa sababu ya uzito wa miamba iliyoyakalia. Ndani yake mna chumvi, gesi ya kaboni dioksaidi na salfa. Dhahabu, ambayo mezani haiyeyuki hata katika asidi kali ya kawaida, hukubali kushikamana na salfa katika joto na kanieneo hilo, ikasafiri pamoja na maji. Silika, ambayo ndiyo asili ya jiwe jeupe liitwalo kwatzi, husafiri humo humo.

Maji hayo hutafuta njia, na njia yake kubwa ni nyufa za miamba. Kanieneo huongezeka chini ya ufa uliozibwa, hadi siku tetemeko la ardhi linapoufungua. Maji hupanda kwa ghafla, kanieneo hushuka, na silika iliyokuwa imeyeyuka huganda kuwa kwatzi na kuuziba ufa upya. Kisha kanieneo huanza tena kujengeka. Jambo hili laweza kurudiwa mara nyingi sana, na ndiyo maana mishipa mingi ya kwatzi, ikikatwa kwa unadhifu, huonyesha tabaka nyembamba zilizopangana. Kila tabaka ni kumbukumbu ya ufa kufunguka na kufungwa. Katika machimbo ya Lupa, wilayani Chunya, wanasayansi wamepima umri wa madini yanayoandamana na dhahabu na kukuta kwamba yalitua takribani miaka bilioni 1.9 iliyopita, kabla dunia haijawa na mmea wala mnyama wa nchi kavu.

Lakini mshipa wa kwatzi si lazima uwe na dhahabu. Vipo vilima vizima vya kwatzi nyeupe visivyo na chembe moja ya kuuzwa. Ili dhahabu iachane na maji, sharti kitu kiiondoe salfa iliyoibeba. Njia moja ni kanieneo kushuka ghafla na gesi kutoroka. Njia nyingine ni maji hayo kukutana na mwamba wenye chuma kingi. Chuma hicho huikamata salfa na kutengeneza pairaiti, lile jiwe la manjano linalong'aa ambalo limewapotosha wengi. Na dhahabu, ikiwa imeporwa mchukuzi wake, hubaki papo hapo. Geita ni mfano mashuhuri wa jambo hili, kwani sehemu kubwa ya dhahabu yake imetua ndani na kando ya miamba yenye mistari ya chuma.

Kwa sababu hiyo mjuzi wa miamba haangalii mshipa peke yake. Huangalia pia kuta zake: ni mwamba wa aina gani, umebadilika rangi kwa umbali gani, una pairaiti au hauna. Huangalia mahali mshipa unapopinda, unapopanuka, na unapokatana na mwingine, kwa maana huko ndiko ufa ulikofunguka zaidi na maji yakapita kwa wingi. Mara nyingi utajiri wa mshipa wa mita mia tano hukaa katika sehemu chache fupi, zilizoinama kuelekea upande mmoja chini ya ardhi. Anayechimba bila kuzijua sehemu hizo huweza kupita mita mbili kando ya mali na asiione.

Fedha iliyojificha

Lugha ya Kiswahili imeitunza historia ya madini haya katika neno moja. Fedha ni chuma cheupe, na fedha ni pesa. Kwa kuwa kwa karne nyingi watu wa pwani walifanya biashara kwa sarafu zilizotengenezwa kwa chuma hicho. Hata hivyo, pale dhahabu inapozungumzwa, fedha husahauliwa, ingawa ni nadra kuikuta dhahabu ya asili isiyokuwa nayo. Atomu za madini hayo mawili zinakaribia kulingana kwa ukubwa, hivyo huchanganyika kwa urahisi katika donge moja. Fedha inapoongezeka, rangi ya dhahabu hufifia kutoka manjano iliyokolea hadi manjano nyeupe.

Pamoja na ujirani huo, tabia zao hazifanani. Fedha husafiri vizuri zaidi kwa kushikamana na kloridi iliyomo katika maji ya chumvi, na hupenda kutua pamoja na risasi, hasa ndani ya madini mazito yaitwayo galena. Mpanda yatoa ushahidi. Mishipa yake ilikuwa na risasi na shaba pamoja na fedha na dhahabu, na ilionekana kuwa na thamani kiasi cha kujengewa tawi la reli kutoka Kaliua. Mgodi wake wa Mukwamba, uliofanya kazi katika miaka ya 1950, ulifungwa zamani, bali reli ilibaki na mji umekua.

Kiasi cha fedha hutegemea pia kina ambamo mshipa ulizaliwa. Mishipa iliyoganda karibu na uso wa nchi, katika maeneo ya volkano changa, aghalabu huwa na fedha nyingi kuliko dhahabu. Mishipa iliyoganda kilometa nyingi chini, kama ile ya miamba mikongwe ya Tanzania, kwa kawaida huwa na fedha kidogo. Tofauti hii ina faida kubwa kwa mtafutaji, maana humwambia ni kimo gani cha nchi kilichokwisha kumomonyoka, na atarajie nini chini yake.

Fedha huwa na hila nyingine: haing'ai inapokuwa katika hali yake ya asili ya kuungana na salfa. Mwaka 1859, katika milima ya Nevada nchini Marekani, watu waliokuwa wakiosha dhahabu walisumbuliwa na tope zito la rangi ya samawati lililokuwa likiziba vifaa vyao. Walikuwa wakilitupa. Sampuli yake ilipopelekwa California kupimwa, ikagunduliwa kwamba tope hilo lilijaa fedha pamoja na dhahabu. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa machimbo ya Comstock, yaliyopata kuwa miongoni mwa machimbo makubwa ya fedha duniani. Wale watu hawakuwa wavivu wala wapumbavu. Walikuwa wakitumia macho mahali palipohitaji mizani.

Mizani yenyewe ni somo zuri la Kemia, na msingi wake ni wa kale. Sampuli husagwa kuwa unga, huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi na vitu vingine vya kuyeyushia, kisha hutiwa tanuruni. Risasi inayeyuka, inakusanya dhahabu na fedha iliyomo, na kuzama chini. Donge hilo la risasi huwekwa katika kikombe kidogo, ambacho kwa desturi hutengenezwa kwa majivu ya mifupa, na kuchomwa tena. Risasi hunywewa na kikombe, na kinachosalia ni chembe moja yenye kung'aa. Chembe hupimwa uzito. Kisha hutiwa katika asidi ya nitriki yenye moto; fedha huyeyuka, dhahabu hubaki, nayo hupimwa. Tofauti ya vipimo viwili ni fedha. Ikiwa fedha ya asili ni kidogo mno hata asidi ishindwe kupenya, mpimaji huongeza fedha ya kipimo kinachojulikana kabla ya kuanza, kisha huitoa katika hesabu.

Hila ya jiwe zuri

Upimaji wa maabara, hata uwe mzuri namna gani, hujibu swali moja tu: jiwe hili lina kiasi gani? Haujibu swali ambalo mchimbaji analitaka: mshipa wote una kiasi gani? Kati ya maswali hayo mawili ipo kazi ya kuchukua sampuli, na hapo ndipo hasara nyingi zinapozaliwa.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa debe la mahindi na maharage mekundu. Maharage 20 yachanganywe vizuri na mahindi katika debe la lita 20. Kila mwanafunzi katika darasa la watu 40 achote glasi moja ya robo lita, ahesabu maharage aliyoyapata, kisha ayarudishe na debe lichanganywe upya. Debe lina glasi 80. Kwa hiyo wastani wa kweli ni harage moja kwa kila glasi nne. Lakini kanuni za uwezekano zinaonyesha kwamba wanafunzi wapatao 31 hawatapata kitu. Wanane hivi watapata harage moja moja, na mmoja huenda akapata mawili. Wale 31 watasema debe halina kitu. Wale wanane, wakizidisha kwa 80, watasema lina maharage 80. Yule mmoja atatangaza 160. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema uongo, na hakuna hata mmoja aliyesema kweli. Kweli hupatikana tu matokeo yote 40 yanapojumlishwa, pamoja na yale ya sifuri.

Dhahabu ya mshipa, iliyokaa kwa vipande vichache vilivyotawanyika, ina tabia ya maharage hayo. Na mtu anayechagua jiwe lenye kung'aa ili alipeleke kupimwa amefanya vibaya kuliko yule mwanafunzi wa 160, kwa sababu yeye ameingiza mkono debeni na kulitafuta harage.

Njia iliyo sahihi ni kuchonga mfereji mwembamba kukata mshipa kutoka ukuta hadi ukuta, kwa upana na kina kisichobadilika, na kukusanya vipande vyote pasipo kuchagua. Kazi hii hurudiwa kwa vipimo vya umbali vilivyo sawa, na unene wa mshipa huandikwa kila mahali. Unene huo una uzito mkubwa katika hesabu. Uchukuliwe mfano wa mshipa uliopimwa mahali patatu. Mahali pa kwanza una unene wa mita 0.2 na gramu 30 kwa tani. Pa pili mita 1.0 na gramu 4. Pa tatu mita 0.8 na gramu 1. Mwenye kuuza eneo ataonyesha lile jiwe la gramu 30. Asiye makini atajumlisha vipimo vitatu na kugawanya kwa tatu, apate karibu gramu 12. Anayezidisha kila kipimo kwa unene wake, na kugawanya jumla kwa unene wote, atapata gramu 5.4. Hata hiyo bado si hesabu ya mwisho. Mtu hawezi kuchimba katika nafasi ya mita 0.2, akihitaji nafasi ya mita moja ili afanye kazi, sharti avunje pia mwamba wa kando usio na kitu. Mchanganyiko utakaofika kwenye karasha utakuwa na wastani wa gramu 3.6 tu. Kutoka 30 hadi 3.6 hakuna dhahabu iliyoibwa. Ni hesabu tu iliyokamilishwa, nayo si ngumu kuliko ile ambayo wanafunzi wa sekondari huifanya kila wiki.

Wapo watakaodhani kwamba makosa haya ni ya wachimbaji wadogo peke yao. Historia inakanusha. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iliyoitwa Bre-X ilitangaza kwamba imepata dhahabu nyingi kupita kiasi huko Busang, kisiwani Borneo, nchini Indonesia. Thamani ya hisa zake ilipanda hadi mabilioni ya dola. Desturi ya kazi ni kuipasua katikati ile nguzo nyembamba ya mwamba inayotolewa na mtambo wa kuchoronga, nusu ikapimwa na nusu ikahifadhiwa kwa ukaguzi. Huko Busang karibu nguzo yote ilisagwa, na kilichohifadhiwa kilikuwa vipande vidogo. Mwaka 1997 wakaguzi wa nje walipochoronga upya kando ya matundu yale yale, waligundua kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka kwingine. Chembe nyingine zilikuwa zimeviringika kama zile za mtoni, umbo ambalo dhahabu iliyomo ndani ya mwamba haiwezi kuwa nalo. Wenye akiba zao walipoteza fedha nyingi. Sampuli isiyoweza kurudiwa na mtu mwingine haina nafasi katika sayansi, awe aliyeichukua ni tajiri au fukara.

Juu ya maji na chini ya maji

Lipo kosa jingine linalowagharimu wachimbaji, nalo hutokana na kudhani kwamba mshipa ni ule ule kutoka juu hadi chini. Karibu na uso wa nchi, hewa na maji ya mvua huishambulia pairaiti na kuigeuza kuwa kutu. Mwamba huwa mwekundu na kulegea. Dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani ya pairaiti hufunguliwa, na kwa kuwa vitu vingine vimechukuliwa na maji, kiwango chake huongezeka. Fedha, iliyo nyepesi kuyeyuka, huondoka kwa sehemu. Mchimbaji anayeanza juu huikuta dhahabu safi, tele, na nyepesi kuoshwa.

Duara linapofika chini ya kimo cha maji ya ardhini, mambo hubadilika. Mwamba unakuwa mgumu na wa kijivu, pairaiti ni nzima, na karai halionyeshi kitu. Hapo husikika usemi wa machimboni kwamba dhahabu imekimbia, na sababu hutafutwa katika mwenendo wa watu badala ya kutafutwa katika jiwe. Dhahabu haikukimbia. Pengine imepungua kweli, kwa maana utajiri wa juu ulitokana na kuoza kwa mwamba. Na pengine ipo nyingi, lakini imefungwa ndani ya pairaiti, mahali ambapo karai na zebaki haviwezi kuifikia.

Madhara ya kutolijua hilo ni makubwa. Zebaki hunasa dhahabu iliyo huru tu. Mchimbaji anayeona imepungua huongeza zebaki, na huichoma mahali anapokaa na wanawe, mvuke wake ukaingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani kutokana na kazi za binadamu, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya Mkataba wa Minamata upitishwe mwaka 2013. Wakati huo huo, dhahabu ambayo zebaki haikuinasa hubaki katika marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Wenye mitaji na sianidi huyanunua marudio hayo na kuitoa. Biashara hiyo si haramu. Lakini muuzaji asiyejua kiwango kilichomo huuza mali kwa bei ya mchanga. Afya yake imekwenda, na sehemu kubwa ya jasho lake imekwenda pia.

Shule na ifanye nini

Yapo mapingamizi mawili ambayo hutolewa dhidi ya kufundisha mambo haya katika sekondari. La kwanza ni kwamba jiolojia ni elimu ya gharama. Kuchoronga ni gharama, kweli. Kutazama si gharama. Nyundo, dira, futi ya utepe, sumaku, kioo cha kukuzia na daftari vyatosha kuanzia. Upande wa nyuma wa kigae cha ukutani, ule usiong'arishwa, hutosha kutenganisha dhahabu na pairaiti: dhahabu ikisuguliwa huacha mstari wa manjano, pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Ramani za miamba ya nchi zimekwisha kuchorwa, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma ndiyo mhifadhi wake. Shule iliyoko Chunya, Geita, Iramba au Mpanda imezungukwa na maabara ambayo haikuhitaji kununuliwa. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Isiwe kwamba penye mishipa hapana wanaoisoma.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kumfundisha kijana habari za dhahabu ni kumshawishi aache shule aende machimboni. Wazazi na walimu wa maeneo ya madini wana haki ya kulihofia jambo hilo, maana wameona madawati yakibaki matupu kila uvumi wa jiwe jipya unapofika. Lakini kinachomvuta kijana huyo ni uvumi wenyewe. Aliyekwisha kuchota glasi katika lile debe la mahindi, akatoka na sifuri, na kuona jirani yake akijitangazia 160, ana swali la kuuliza siku atakapoonyeshwa jiwe linalong'aa. Huyo ana silaha ambayo kaka yake hakuwa nayo. Ni sharti tu mafunzo yenyewe yawe na mipaka: wanafunzi wasiingizwe katika maduara, na zebaki isiguswe kamwe.

Tena haifai kudhaniwa kwamba elimu hii inawadharau wachimbaji wadogo. Mara nyingi wao ndio huitangulia mitambo; huujua mwelekeo wa mshipa kwa miguu yao, na maneno yao, kama duara, karasha, mialo na marudio, ni hazina ya lugha ya sayansi ambayo walimu wangepaswa kuikusanya. Wanachokikosa ni daftari. Mchimbaji anayeandika unene, kina na kiwango cha kila mita aliyochimba ana kitu cha kuonyesha benki, cha kumwuliza mnunuzi wa marudio, na cha kumrithisha mwanawe. Asiyeandika huanza upya kila anapohama. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukafunguliwa tena mwaka 2000 ukiwa mkubwa kuliko awali, baada ya miamba ile ile kutazamwa upya kwa maarifa na zana mpya.

Walimu wa Jiografia, Kemia na Hisabati hawana haja ya kungoja mtaala mpya ili waanze. Debe la mahindi lipo. Kigae kipo. Mahali pengi kipo pia kilima cha kwatzi kinachoonekana kutoka dirishani. Wanafunzi wapelekwe hapo na futi ya utepe na daftari; wapime upana wa mshipa kila baada ya mita tano, wachore kuta zake, waandike walichokiona na hata pale ambapo hawakuona kitu. Kurasa zilizoandikwa sifuri zitunzwe pamoja na nyingine, kwa sababu bila hizo wastani hauwezi kupatikana.